Kutu Nayo Ina Historia

Neno bati lina kichekesho chake. Kwa Kiswahili, bati ni jina la madini meupe, laini. Lakini mabati tunayoezekea nyumba hayana madini hayo: ni chuma kilichopakwa zinki. Mwaka 1829, Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati la mikunjo mjini London. Mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kulipaka zinki. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, mabati yalisafiri nayo, na Nairobi ya mwanzo ikawa mji wa mahema na mabati.

Bati la kweli lilikuwa kwenye debe. Katika Pumwani ya miaka ya 1920 na 1930, wenye nyumba, wakiwemo wanawake wengi waliojijengea wenyewe, walijenga kwa miti na udongo. Mabati mapya yalikuwa ghali. Basi wengi walipasua madebe ya mafuta ya taa, wakayanyoosha, wakayapigilia misumari juu ya paa.

Sisi wanachama tunaokaa Pickering tunatengeneza nyumba ndogo ya aina hiyo, kwa kipimo cha 1 kwa 12. Wazazi wetu walitaka paa ling'ae. Kutu, walisema, ni umaskini, na umaskini hauonyeshwi wageni. Tuliwaelewa. Hata hivyo, paa linalong'aa lingeficha kazi iliyofanywa na watu wale.

Tena kutu haipakwi ovyo. Zinki huliwa kabla ya chuma, kwa hiyo bati la dukani huchelewa kushika kutu, nayo huanzia kwenye kingo na matundu ya misumari. Debe ni kinyume chake: likikwaruzwa tu, chuma kilicho chini huliwa haraka. Chumvi huzidisha mambo. Huku kwetu humwagwa barabarani wakati wa theluji na kula magari. Mombasa huletwa na upepo wa bahari. Nairobi iko mbali na bahari, kwa hiyo adui mkubwa wa paa letu ni mvua.

Kwa hiyo tulikata vipande vya karatasi ngumu, tukavipaka rangi ya fedha. Kwa sponji kavu tuligusia kahawia nzito kwenye mikunjo na mikwaruzo, kisha rangi ya chungwa kidogo katikati yake. Kwa brashi yenye maji tulivuta michirizi kuelekea chini, kama mvua inavyoteremka. Kipande kimoja tulikiacha king'ae: ni debe jipya, lililoziba mahali palipovuja.

Nyumba ikiletwa chamani, tazameni kwanza kipande hicho. Kinaonyesha kwamba paa lilikuwa na mwenyewe, naye alipanda juu kulitengeneza.