Gunia Lenye Maji: Kutoka Baghdad Hadi Mahema ya Mina



Waliojaaliwa kwenda Hijja wanaukumbuka ule upepo wenye unyevu unaotoka kwenye mashine za mahema ya Mina. Nyingi kati ya mashine zile, kwa miaka mingi, hazikuwa viyoyozi vya kawaida. Ndani mlikuwa na feni, pampu ndogo na pedi zinazolowanishwa maji, basi. Vijana wetu wa madrasa walituuliza: maji yanawezaje kupoza hewa yenye joto la nyuzi 45? Tukaona tuwajibu kwa historia, maana jambo hili ni la zamani sana.

Tuanzie Baghdad, mji ulioasisiwa na Khalifa Abu Ja'far al-Mansur mwaka 762. At-Tabari anaeleza kwamba mwanzoni mwa ukhalifa wake, wakati wa kiangazi, chumba alicholala mchana kilikuwa kikikandikwa udongo mbichi ili kipoe. Wafalme wa Uajemi nao walikuwa na desturi kama hiyo. Kisha Abu Ayyub, mmoja wa wakuu wake, akamtengenezea vitambaa vizito vilivyoloweshwa maji na kutundikwa karibu naye. Khalifa akapata raha, lakini akaona kitambaa kikiwa kinene zaidi kitabeba maji mengi zaidi. Ndipo likatumika khaish, yaani kitambaa cha kukwaruza mfano wa gunia letu, na watu wakaiga.

Al-Mansur alisema kweli. Maji hayageuki mvuke bure. Lita moja huhitaji kiasi cha kilojuli 2,400 za joto, na joto hilo huchukuliwa kutoka kwenye hewa inayoyagusa. Baina ya maji na hewa hapana bomba wala ukuta. Kwa hiyo kadiri maji yanavyotandazwa na hewa inavyopita, ndivyo ubaridi unavyoongezeka. Jasho letu hufanya kazi hiyo hiyo.

Baadaye watu walitundika khaish darini kama tanga la jahazi, likavutwa kwa kamba na kupepea, na matajiri wakalinyunyizia maji ya waridi (hapo tena ni anasa!). Cairo wakaweka salsabil, bamba la marumaru ambalo maji huteremka juu yake kwa utando mwembamba. Jina hilo ni la chemchemi iliyotajwa katika Suratul Insaan. Huko Iraq, hata katika karne ya 20, watu walijaza madirisha mmea wa miiba uitwao agul na kuumwagia maji. Ulaya nao walilikuza jambo hili kwa ajili ya viwanda: mwaka 1918, kwenye mgodi wa makaa karibu na Heerlen, Uholanzi, ulijengwa mnara wa zege uliobuniwa na van Iterson, mpana chini na mwembamba kiunoni. Maji ya moto hunyunyizwa ndani, hewa ikapanda kuyapitia, na sehemu ya maji ikatoka juu kama wingu.

Sasa mbona mashine hizi hazikuenea kwetu pwani? Jamaa yetu mmoja alirudi Hijja akanunua feni ya maji kwa ajili ya nyumba yake ya Mombasa. Chumba kikawa na unyevu kama chooni, na joto lile lile! Hewa ya bahari tayari imeshiba mvuke. Hewa kavu ya nyuzi 45 inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 22, lakini ya pwani, ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 75, haishuki chini ya nyuzi 28. Mtungi wa udongo wa bibi zetu hupoza maji vivyo hivyo, nao una kikomo hicho hicho.

Makka hewa ni kavu, na ndiyo maana mbinu ya al-Mansur inafaa kule. Baada ya moto wa Mina wa Aprili 1997 mahema yalijengwa upya kwa kitambaa kisichoshika moto, na mashine za maji zikafungwa. Lakini hema ni la mwenye kibali. Katika Hijja ya mwaka 2024 joto lilipita nyuzi 51 Makka, na serikali ya Saudia ikatangaza vifo vya mahujaji 1,301. Zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa hawana kibali, wakatembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzikia.