Turubai Chini ya Jua la Makambako na Njombe

Turubai ni kitambaa kizito kisichopitisha maji. Hufunika mzigo wa lori, huezeka vibanda vya mnadani, huweka kivuli harusini na msibani, na hutandikwa chini kuanikia mahindi. Makambako ni mji ambao kazi zote hizo hukutana. Hapo barabara ya Njombe na Songea huchepuka kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma, na reli ya TAZARA, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1976, ina stesheni yake. Lori la viazi au mbao linaloshuka kutoka Njombe hupita hapo, na linalokwenda Zambia au Kongo hupita hapo pia.

Kwa kuwa nyanda hizi ni za baridi, wengi huamini kwamba adui wa turubai ni joto la Dar es Salaam na Morogoro, na kwamba huku juu kitambaa kinapumzika. Imani hiyo inagharimu watu fedha nyingi. Kinachokula turubai kwanza ni mionzi ya jua ya urujuanimno, ambayo haitegemei joto la hewa, nayo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Makambako iko juu ya mita 1,600, na mji wa Njombe unakaribia mita 2,000. Isitoshe, eneo hili liko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Februari ni msimu wa mvua na mawingu hulipunguzia makali. Oktoba mvua bado, anga ni nyeupe, jua limesimama wima. Mtu anaweza kuvaa sweta jioni ya siku ambayo turubai lake limeungua tangu asubuhi.

Dalili za kuungua huonekana kwa mkono kabla ya jicho. Pitisha kidole juu ya sehemu iliyokaa juani muda mrefu: kikitoka na unga mweupe, ngozi ya juu imeanza kufa. Kisha kunja kona moja na uibane. Turubai zima hujikunja na kurudi. Lililochoka hubaki na mistari myembamba kama nywele, na mvua ya kwanza ya Novemba hupenya hapohapo.

Aina tatu ndizo zinazotumika zaidi, na kila moja huchoka kivyake. Turubai la PVC, yaani poliesta iliyopakwa plastiki, ndilo la malori makubwa. Ulaini wake hutokana na vilainishi vilivyochanganywa ndani, na joto huvifukuza taratibu hadi plastiki ikakamae. Turubai jepesi la plastiki iliyofumwa, ambalo wengi huliita la nailoni, ni rahisi kununua lakini hupasuka mapema kwenye jua hili. Kanvasi ya pamba hustahimili joto vizuri na hupitisha hewa, ila huoza upesi ikikunjwa ikiwa na unyevu. Kwa mtu wa Njombe anayehifadhi turubai katika stoo yenye ukungu wa asubuhi, hilo si jambo dogo.

Upepo nao una sehemu yake. Makambako, kama Singida, imo katika maeneo yaliyopimwa kwa ajili ya umeme wa upepo, na dereva yeyote aliyeegesha hapo usiku anajua kwa nini. Turubai lililolegea hupigapiga bodi hadi linachanika kwenye pete za kamba. Lifungwe likiwa limevutwa sawasawa pande zote, na penye pembe za bodi liwekwe kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Lumbesa huongeza tabu: vichwa vya magunia yaliyojazwa kupita kiasi hulisukuma turubai juu katika sehemu chache, na hapo ndipo linapotoboka.

Viazi huhitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu vinapumua. Jua likivipiga moja kwa moja hugeuka kijani na kuwa na sumu ya solanini, kwa hiyo kufunika ni lazima. Lakini turubai la PVC likifungwa kubana kabisa, joto na unyevu hubaki ndani, na lori likifika mabondeni magunia ya katikati yameanza kulowa na kuoza. Utingo mzuri huacha nafasi ya hewa kati ya magunia na turubai, na nyuma hulifunga kwa namna inayoruhusu upepo kupita. Parachichi nazo hutaka hivyo hivyo.

Kwa mahindi turubai hufanya kazi nyingine: huyatenga na udongo, ambako fangasi wa sumukuvu hukaa. Yaanikwe kwa tabaka jembamba, yageuzwe mara kwa mara, na jioni yafunikwe kabla umande haujashuka, mpaka unyevu ufike asilimia 13.5 au chini yake. Turubai jeusi hupata moto kuliko jeupe na hukausha haraka.

Kuosha ni kwa maji, sabuni ya kawaida na brashi laini. Petroli na dizeli, ambazo baadhi ya watu hutumia kuondoa lami na grisi, hunyonya vilainishi vya PVC na kulikakamaza turubai. Baada ya kuosha likauke kivulini pande zote mbili. Usilikunje likiwa bado la moto: plastiki hunata, na siku ya kulifungua rangi hubanduka. Badilisha mikunjo pia, kwani mkunjo unaorudiwa palepale ndio hukatika kwanza.

Kiraka cha PVC hubandikwa kwa gundi yake au kwa hewa ya moto, baada ya kufuta mahali hapo kwa spiriti. Kikatwe kwa pembe za mviringo, maana pembe kali hubanduka. Kushona peke yake huongeza matundu. Turubai jepesi la plastiki halishiki gundi vizuri, na kulipa fundi kwa hilo mara nyingi ni hasara.

Mahema na vibaraza vya kujazwa hewa, vinavyotumiwa na watalii wenye magari ya kulala na hospitali za dharura, hufuata kanuni hizi zote na moja zaidi. Mirija yake imefungwa, na hewa iliyofungiwa hutanuka ikipata joto. Mrija uliojazwa paundi 7 kwa inchi ya mraba saa 12 asubuhi Makambako, kwenye nyuzi 8 za Selsiasi, ukipigwa na jua hadi nyuzi 45 hufika karibu paundi 9 na nusu. Ongezeko hilo la zaidi ya theluthi moja linaweza kufumua mshono. Kwa hiyo hewa ipunguzwe kidogo asubuhi jua likichomoza na iongezwe jioni, na kipimo kisomwe kila mara badala ya kubonyeza kwa kidole gumba.