Jiwe la Kipushi na Safari za Angani

Likizo ilipofika tuliwauliza vijana wetu wa mafundisho wangependa kutembelea wapi kwa siku moja. Mmoja alikuwa ameona picha za Kennedy Space Center, huko Florida, Marekani, mahali ambapo watu huenda na watoto wao kutazama roketi. Akatuuliza: «Mwalimu, kwetu Katanga hakuna mahali pa namna hiyo?» Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana swali lile lina jibu, tena lenye sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni ya roketi zenyewe. Bwana Kurt Debus, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa mahali pale Florida hadi 1974, baadaye aliliongoza baraza la kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG, ambayo mhandisi Lutz Kayser aliianzisha mwaka 1975. Serikali ya Zaire, ndiyo Kongo yetu ya leo, ikaikodisha nchi ya kilomita za mraba 100,000 hivi, upande wa kaskazini wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa siku zile. Nchi hiyo yapita Ubelgiji mara tatu! Kiwanja cha kurushia kilikuwa juu ya bonde la mto Luvua. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, ya pili tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Rais Mobutu mwenyewe alikuja kuitazama. Ilipanda kitambo kidogo, ikapinda, ikaanguka bondeni. Warusi na wengine walinung'unika, wakihofu silaha, na mwaka 1979 kazi ikakomeshwa.

Vijana walitaka kwenda kupaona. Lakini kutoka Kipushi mpaka Luvua si mwendo wa siku moja. Basi tukawaambia: «Sehemu ya pili ya jibu iko karibu. Njoni.»

Tukapanda basi asubuhi, tukashika njia ya Lubumbashi, kilomita 30 hivi, pamoja na mzee mmoja aliyechimba chini ya ardhi hapa kwetu mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1993. Tulishuka karibu na bomba refu la moshi la tanuru ya zamani, tukasimama nje ya ua, tukautazama ule mlima mweusi ambao kila mtu wa Lubumbashi anaujua.

Mlima ule ulifanywa na watu. Ni mavi ya shaba, yaani takataka zilizobaki tanuruni mawe yalipoyeyushwa. Mgodi wa Kipushi ulifunguliwa na Union Minière mwaka 1924, na mpaka kufungwa kwake ulitoa mawe ya madini tani milioni 60 hivi, yenye shaba na zinki. Mawe ya shaba yaliletwa Lubumbashi kuyeyushwa. Shaba ikatolewa, na mabaki yakamwagwa hapo mwaka hata mwaka.

Lakini ndani ya mawe yetu mlikuwa na kitu cha tatu, jerimaniamu, ambayo mtaalamu Clemens Winkler aliigundua Ujerumani mwaka 1886 na kuipa jina la nchi yake. Mwaka 1948 jiwe la Kipushi lenye jerimaniamu liliandikwa katika elimu ya mawe kwa jina la renieriti. Kati ya 1956 na 1978 mgodi wetu ulitoa jerimaniamu zaidi ya tani 270. Nyingine ilipita tanuruni, ikalala katika mlima.

Yafaa nini? Setelaiti hupata nguvu zake kwa sahani nyembamba zinasazo mwanga wa jua. Sahani zilizo bora zina tabaka juu ya tabaka, na tabaka la chini, libebalo mengine yote, ni kipande chembamba cha jerimaniamu. Magari mawili ya Marekani, Spirit na Opportunity, yaliyoshuka katika sayari ya Mars mwaka 2004, yalitumia sahani za aina hiyo. Hatudai kwamba yalibeba jiwe letu; twasema tu kwamba kazi ya jiwe la namna hiyo ndiyo hiyo.

Kijana mmoja akamgeukia mzee: «Baba mzee, ninyi mlijua?» Mzee akautazama mlima kwa kitambo. «Tulihesabu shaba na zinki,» akajibu. «Hilo la tatu sikulisikia hata siku moja.»

Mwaka 2024 mgodi wa Kipushi ulianza tena kutoa zinki. Mwaka huohuo mzigo wa kwanza wa jerimaniamu iliyotolewa katika mlima ule na kiwanda cha STL, mali ya Gécamines, ulisafirishwa kwenda Ubelgiji, kwa kampuni ya Umicore, ambayo hutengeneza vile vipande vya sahani za setelaiti.

Tujifunze nini, wasomaji wapendwa? Roketi za Luvua zilikuja na wageni wenye elimu yao, na walipoondoka, elimu iliondoka nao. Mlima wa Lubumbashi ulikaa mbele ya macho yetu miaka mingi, tukauita takataka. Mwenye jiwe asiyejua kazi yake huliuza kwa bei ya jiwe. Wazazi, msiwatoe watoto shuleni mapema. Nanyi vijana, msilidharau somo la kemia. Yule aliyetuuliza habari za Florida ameanza kuuliza shule ipi yafundisha kemia vizuri. Safari yetu haikuwa bure.