Asili ya Neno "Salary" na Chumvi ya Katwe

Tukiwa sekondari, tulifundishwa kwamba neno la Kiingereza "salary", yaani mshahara, lilitokana na askari wa Roma waliolipwa kwa chumvi. Tuliandika, tukakariri. Katika insha hii naeleza kwa nini jibu hilo halitoshi.

Ni kweli kwamba "salary" limetokana na neno la Kilatini "salarium", nalo lina mzizi "sal", yaani chumvi. Pliny, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, aliyahusisha maneno hayo mawili. Hata hivyo, hakuna maandishi ya wakati huo yanayosema kwamba askari walipewa chumvi badala ya fedha. Walilipwa sarafu.

Neno letu "mshahara" lina asili nyingine: linatokana na neno la Kiarabu "shahr", yaani mwezi. Ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Hapa Kasese wengi waliyajua malipo hayo katika mgodi wa shaba wa Kilembe, baada ya reli kufika mwaka 1956. Mgodi uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwezi uliendelea kuandama lakini mshahara haukuja tena.

Chumvi ilikuwepo kabla ya mgodi, na bado ipo. Katika Ziwa Katwe watu waliichimba na kuibadilisha kwa chakula na bidhaa nyingine, hadi upande ambao leo ni Kongo. Omukama Kabalega wa Bunyoro aliitawala biashara hiyo. Mwaka 1891 Lugard aliwafukuza askari wake, akajenga ngome ya Fort George papo hapo Katwe. Ngome haijengwi kwa ajili ya kiungo cha mchuzi tu. Chumvi ilikuwa mali.

Hadi leo wachimbaji wa Katwe hawahesabu mwisho wa mwezi. Wanahesabu kiangazi na masika, kwa sababu mvua ikizidi, maji ya chumvi huzimuliwa na mavuno hupotea.

Mama yangu huuza chumvi hiyo sokoni Bwera, kwa wenyeji na kwa wateja wanaovuka kutoka Kasindi. Hajawahi kupokea mshahara hata mara moja, lakini ada yangu yote imelipwa. Kwa hiyo, hadithi ya mwalimu kuhusu Roma haina ushahidi. Nyumbani kwetu ushahidi upo.