CHOMBO NA MKONO WA MUUGUZI



Mwaka 2001, katika Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe, kompyuta zilianza kutumika kuandikisha wagonjwa. Waundaji wake, waliojulikana baadaye kama shirika la Baobab Health, walitambua mapema kwamba muuguzi aliyezoea kalamu na daftari hana nafasi ya kutafuta herufi huku mgonjwa akisubiri. Wakaweka kioo cha kugusa kwa kidole, kinachouliza swali moja baada ya jingine. Na kwa kuwa umeme hukatika, wakachagua mitambo inayotumia umeme kidogo, yenye betri za akiba.

Hata hivyo, wagonjwa wengi wako mbali na wodi. Katika Hospitali ya St. Gabriel's, Namitete, muuguzi wa huduma za majumbani alikuwa akizunguka vijijini kwa pikipiki. Mwaka 2008 wahudumu wa afya 75 walipewa simu za mkononi za kawaida, wakafundishwa kutuma ujumbe mfupi. Katika miezi sita ya majaribio, hospitali iliokoa saa za kazi zipatazo 2,000 na mafuta ya dola 3,000 hivi. Uwezo wa kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu uliongezeka maradufu.

Sasa tutazame Dzaleka, wilayani Dowa. Enzi za Rais Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa; mwaka 1994 pakawa makazi ya wakimbizi. Leo wanaishi hapo watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika kila upande. Mtambo unaouliza kwa Kiingereza au Chichewa peke yake utamwacha mgonjwa nje ya mazungumzo yanayohusu mwili wake. Tena, mtu aliyekimbia nchi yake ana haki ya kuuliza: jina langu likiandikwa humo, nani atalisoma? Muuguzi asiye na jibu hatafunguliwa mlango mara ya pili.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi wanaotaka kuwapa wauguzi wa majumbani vyombo vipya hawana budi kwanza kufuatana nao nyumba kwa nyumba, kuwasikiliza, na kuwafundisha kwa subira. Namitete ilifanikiwa kwa simu ya kawaida, kwa sababu ilijibu haja ambayo wahudumu wenyewe walikuwa wakiijua.