Toka Tanuru ya Wazee Mpaka Posti ya Kusude

Watu fulani wanazani kwamba kazi ya moto na madini ililetwa Katanga na Wazungu. Hapana. Union Minière iliundwa katika mwaka 1906, lakini wazee wetu walikuwa wakiyeyusha shaba tangu karne nyingi. Misalaba ya shaba iliyochimbuliwa katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, inatuhakikishia jambo hilo.

Kazi ile ilifanyika wakati wa kiangazi. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa na mawe ya kijani ya malakiti, wakapuliza mivukuto. Lakini hakuna aliyejifunza peke yake: mafundi walikuwa na chama chao, na mwanafunzi aliingizwa humo kwanza. Chama hicho njo kilichunga ufundi.

Katika mwaka 1911 tanuru ya kampuni ilitoa shaba yake ya kwanza hapa Lubumbashi, na kazi ya madini ikahamia katika atelie za kampuni. Kisha Gécamines ikazoofika. Wakati watumishi karibu 10,000 walipoondoka katika miaka 2003 na 2004, ufundi mwingi ulitoka pamoja nao, ukaenda kando ya barabara zetu, penye kutengenezwa milango na madirisha.

Hapo njo tunaona hatari. Leo kijana ananunua posti ya kusude sokoni, lakini mkubwa wa kumwonyesha kazi hana. Basi, tumwambie haya. Kwa kuanza, posti ya onduleri inafaa: ni nyepesi, na haiombi umeme mwingi kama ile nzito ya transfo. Bageti ya milimita 2.5 inaomba karibu ampea 80. Zikipunguka inanasa, zikizidi inatoboa bati. Aanze na vipande vya chuma vilivyotupwa, vya milimita 3 ao 4, si mlango wa mtu. Maski ni lazima, juu mwanga ule unaunguza macho, na maumivu yanakuja usiku. Chuma chenye kupakwa zinki asikisude ndani ya nyumba: moshi wake ni sumu.

Mashine inanunuliwa siku moja. Mkono unafundishwa miaka. Tanuru za wazee zimezimika, na waliokufa walienda na mengi waliyojua. Tunaomba basi kila fundi mzee wa mtaa achukue kijana mmoja ao wawili, mbele moto huu nao haujazimika.