Viini vya chikichi: fedha ya wanawake, bei ya wengine

Katika vijiji vya Waigbo na Waibibio, kusini-mashariki mwa Nigeria, tunda moja la mchikichi lilikuwa na wenyewe wawili. Mume alipanda mti na kukata mkungu, na mafuta mekundu ya mawese yalikuwa yake kuuza. Kokwa lililobaki baada ya kukamua lilikuwa la mke. Alilianika, akalipasua kwa jiwe juu ya jiwe, akatoa kiini kimoja kimoja hadi kikapu kijae, kisha akakipeleka sokoni. Fedha aliyopata ilikuwa yake mwenyewe, ya kununulia chumvi, nguo na mahitaji ya watoto. Viini hivyo vilisafirishwa Ulaya kwa maelfu ya tani, lakini bei yake haikupangwa hata mara moja na waliovipasua. Wanawake hao walipoipigania, wengi walilipa kwa damu.

Biashara yenyewe ilianzia kwenye mawese. Uingereza ilipopiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, wafanyabiashara wa Liverpool waliokuwa wakinunua watu huko Bonny na Calabar waligeukia mafuta. Viwanda vya nchi yao vilihitaji mafuta ya kutengenezea sabuni na mishumaa na ya kulainishia mashine, na mito ya delta ya Niger ikaitwa Mito ya Mafuta. Wakati huo makokwa hayakuwa na soko la maana ng'ambo. Soko lilifunguka katika nusu ya pili ya karne ya 19, Ulaya ilipoanza kukamua mafuta ya kiini, yale ambayo ndugu zetu wa Kigoma huyaita mafuta ya mise. Yalifaa kwa sabuni, na baadaye kwa margarini, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1869. Mashudu yaliyobaki yalilishwa ng'ombe wa maziwa. Ujerumani ndiyo iliyojenga viwanda vikubwa vya kazi hiyo, na bandari ya Hamburg ikawa mnunuzi mkuu wa viini vya Afrika Magharibi.

Mtu aliyeshindana waziwazi na Wazungu juu ya bei alikuwa Jaja wa Opobo. Alikuwa Mwigbo aliyeuzwa utumwani Bonny akiwa mtoto, akapanda ngazi hadi kuongoza moja ya nyumba kubwa za biashara mjini humo. Mwaka 1869 alihama na watu wake, akaanzisha dola ya Opobo mahali palipofunga njia ya kwenda kwenye masoko ya bara. Katika miaka ya 1880 bei ya mafuta ilishuka Ulaya, na wafanyabiashara wa Kiingereza wakapatana kupunguza bei waliyowalipa Waafrika. Jaja alikataa, akawa anapeleka mafuta yake Liverpool bila dalali. Mwaka 1887 konsuli Harry Johnston alimwita kwenye manowari ya Goshawk kwa mazungumzo, kisha akamkamata. Jaja alihamishiwa visiwa vya Karibiani na kufa mwaka 1891, akiwa njiani kurudi nyumbani.

Baada ya Jaja, njia ya bara ikawa mikononi mwa makampuni. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914, meli za Ujerumani zilitoweka na viini vikakosa mnunuzi wake mkuu. Ili visirudi Hamburg vita ikiisha, Uingereza iliweka ushuru maalumu kwa viini vilivyopelekwa nje ya himaya yake, ukaja kufutwa mwaka 1922. Mnunuzi mmoja akizuiwa, waliobaki hawana haja ya kushindana kwa bei, na gharama ya ushuru huo ilimwangukia mwanamke wa kijijini.

William Lever, tajiri wa sabuni, alitaka ardhi ya mashamba makubwa ya michikichi Nigeria kama alivyopewa Kongo ya Wabelgiji mwaka 1911. Gavana Hugh Clifford alimkatalia na kuiacha ardhi mikononi mwa wenyeji. Lever alipita mlango mwingine: mwaka 1920 aliinunua Kampuni ya Niger, na kufikia mwaka 1929 iliunganishwa na mshindani wake kuwa United Africa Company. Ardhi ilibaki kwa wakulima, lakini bei ilikuwa ya makampuni machache yaliyoweza kupatana.

Mwaka huohuo wa 1929 bei ya mawese na viini ilikuwa ikishuka, huku nguo na bidhaa za madukani zikiwa ghali. Wanaume walikuwa wameanza kutozwa kodi mwaka uliotangulia. Mwezi Novemba, katika kijiji cha Oloko, mtu aliyetumwa na chifu Okugo kuhesabu watu na mifugo alimkuta mwanamke aitwaye Nwanyeruwa kwenye kazi zake za mawese. Kutokana na hesabu hiyo, wanawake walielewa kwamba sasa zamu ya kutozwa ni yao. Walipeleka makuti ya mchikichi kijiji kwa kijiji kama wito, na maelfu wakaitika. Walizingira mahakama za machifu na kuvamia maduka ya makampuni mjini Aba. Tarehe 16 Desemba, askari waliwafyatulia risasi huko Opobo. Zaidi ya wanawake 50 waliuawa katika vuguvugu hilo, ambalo Waigbo wanaliita Vita vya Wanawake. Mbele ya tume ya uchunguzi, walionusurika walitaja bei duni ya mazao yao pamoja na kodi na uonevu wa machifu.

Vita ya Pili ya Dunia ilileta mnunuzi mpya, yaani serikali yenyewe. Bodi ya masoko ya mazao ya mchikichi iliundwa mwaka 1949, ikiahidi kumlinda mkulima dhidi ya kupanda na kushuka kwa bei. Kwa miaka mingi ilimlipa chini ya bei ya dunia na kulimbikiza ziada. Sehemu ya fedha za bodi katika Mkoa wa Mashariki ilijengea Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, kilichofunguliwa mwaka 1960. Ni matumizi ya heshima, lakini mpasua kokwa hakuulizwa. Wakati huohuo serikali ilileta vinu vya kukamulia vilivyonunua tunda zima, kiini kikiwa ndani. Wanawake waliandamana tena, kwa sababu kila tunda lililoingia kinuni liliwanyang'anya fungu lao.

Hadi katikati ya miaka ya 1960 Nigeria iliongoza duniani kwa kuuza nje mawese. Malaysia iliipita mwaka 1966, kwa michikichi yenye asili ya Afrika: mashamba mengi ya Asia ya Kusini-Mashariki yalitokana na miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Kisha vita vya Biafra, kati ya 1967 na 1970, viliiharibu nchi ya michikichi, na petroli ikavuta macho ya serikali. Bodi za mazao zilivunjwa mwaka 1986. Leo Nigeria huagiza mawese kutoka nje.

Sera ya bei iliumiza zao hili kabla ya vita na petroli. Mkulima anayelipwa chini ya thamani kwa miaka mingi hapandi miti mipya, na mke asiyefaidika na kokwa hana sababu ya kulipasua. Somo hilo linaihusu Tanzania pia, kwani imelipa zao la mchikichi kipaumbele tangu mwaka 2018, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, Kigoma, kinazalisha mbegu bora. Hilo ni jambo jema, ila mbegu bora peke yake haitoshi. Wanaopanga bei na kujenga viwanda waamue mapema kiini kitakuwa mali ya nani, wapime kwa mizani iliyo wazi, na wawape wanawake wanaofanya kazi hiyo viti katika vikao vya bei.